Mama Mifuko na Tochi ya Fundi Cherehani

Watu wengi wakimwona kazini kwa mara ya kwanza hudhani ni mwizi. Na ukweli usemwe: ukimkuta mwanamke mtu mzima ameinama juu ya jeneza, mkono umezama ndani ya koti la marehemu hadi kwenye kiwiko, utafikiri nini? Yuko kijana mmoja aliyewahi kumdaka mkono na kumporomoshea maneno, kwamba wezi wa siku hizi hata wafu hawawaachi. Mama yule akamwacha amalize. Kisha akautoa mkono taratibu kwenye mfuko wa ndani na kukifungua kiganja mbele ya macho yake. Kulikuwa na kiberiti cha gesi, kimejaa.

"Mjomba wako alikuwa anavuta?" akamuuliza.

Kijana akainamisha kichwa.

"Basi sigara zake tutamwachia. Hiki utarudi nacho nyumbani."

Ndiyo maana wenzake wakambandika jina la Mama Mifuko, na jina likamganda hadi wengine hawajui kama ana jingine. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kuchomea maiti, katika chumba cha kuagia. Ni chumba chenye meza moja ndefu, mapazia mazito ya kijivu, na viti ambavyo mtu akikaa havilii, kwa sababu mwenyewe hupita akivikaza misumari. Hakuna jeneza linalosukumwa kwenda kwenye tanuri bila kupita mikononi mwake, na hapekui mpaka mmoja wa wafiwa awe amesimama pale anaona. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye huinama kweli: chini ya mto, ndani ya soksi, kwenye mikunjo ya shuka.

Shida si ubaya wa watu, shida ni mapenzi. Mfiwa hataki mtu wake aende mikono mitupu, basi huchukua kile marehemu alichokipenda na kukipenyeza ndani: simu, redio ndogo, kopo la manukato, chupa ya kinywaji ambayo haijafunguliwa, mpira wenye upepo. Na mwenye huzuni hasomi maandishi yaliyo nyuma ya kopo. Moto wa lile tanuri si wa kuchemshia chai. Betri ikiupata inapasuka, kopo lililozibwa linageuka bomu, chupa inayeyuka na kugandana na majivu ya mtu mpaka huwezi tena kusema hiki ni kioo na hiki ni baba. Hata kile kidude wanachowekewa wagonjwa kifuani ili moyo usipoteze mwendo hutolewa kwanza hospitali, maana nacho kina betri.

Na mbele ya moto huo anasimama mtu. Kazini wanamwita Nyusi, kwa kuwa anayo moja tu. Ya pili ilikwenda pamoja na ngozi ya shavu, kabla Mama Mifuko hajaanza kazi pale, siku kopo la dawa ya nywele lililofichwa chini ya mto lilipolipuka wakati ameufungua mlango kidogo aangalie. Mwenyewe hulifanyia mzaha jambo hilo. "Kope zilirudi," huwaambia watu. "Hii nyusi imegoma. Inasema mazingira ya kazi si mazuri." Lakini Mama Mifuko amemwona mara nyingi anavyokisogelea kidirisha cha kuchungulia motoni. Hugeuza uso kwanza, akautanguliza upande ulioungua, kana kwamba ule umeshazoea. Aliyekwisha kumwona hivyo hawezi kupekua jeneza kwa uvivu.

Ujuzi wenyewe aliupata kwenye kufua. Miaka mingi alikuwa dobi wa hoteli kubwa, kwenye chumba cha chini chenye mvuke, na nguo ya mtu haina siri mbele ya dobi. Alikuta pete, meno ya bandia, barua za mapenzi ambazo hazikuandikwa na mke, na siku moja kiberiti cha gesi kilichounguza mashine ya kukaushia na shuka za ghorofa nzima. Vidole vyake vikajifunza kuuliza kabla macho hayajaona. Mazoea yana taabu, na ya kwake ameyapeleka hadi nyumbani. Mumewe akivua suruali tu, mikono imeshaingia mifukoni.

"Mke wangu," humwambia, "mimi bado niko hai. Subiri zamu yangu ifike."

"Ikifika hutaweza kubisha," humjibu, "kwa hiyo nazoea sasa."

Lakini kinachomfanya apendwe ni kwamba hajui kusema hapana akaishia hapo. Akikunyima, anakutafutia. Ilikuja familia moja imebeba chupa kubwa ya pombe kali, wanataka mzee wao alale nayo ubavuni, na kaka mkubwa akaapa kwamba bila chupa ile hakuna mazishi. Mama Mifuko akaiangalia chupa, akamwangalia na kaka mkubwa. "Huko aendako kama kuna sherehe, watamkaribisha cha kwao," akasema. "Hii inyweni ninyi, mumkumbuke." Akaleta beseni la maji ya moto, akailoweka, akaibandua lebo nzima bila kuichana, akaikausha kwa taulo na kuiweka kwenye mfuko wa shati la mzee, juu ya moyo. Watu walioingia na ugomvi wakatoka wanapokezana chupa na kucheka. Mwenye mpira alikatiwa kipande cha ngozi yake cha ukubwa wa kiganja. Mwenye simu aliambiwa achapishe picha moja kwenye karatasi, ile ambayo marehemu aliiangalia mara nyingi zaidi. Kila kitu, alikuwa akiamini, kina sehemu yake isiyolipuka, ni kuitafuta tu. Imani hiyo ilimtosha mpaka siku alipoletwa mke wa fundi cherehani.

Aliletwa asubuhi. Nyuma ya jeneza alikuja fundi mwenyewe, mzee mwembamba mwenye mgongo uliokwisha kuchukua umbo la mashine, na binti yao, mwalimu wa shule, ambaye ndiye aliyekuwa akisema na kila mtu na kukumbuka kila kitu. Marehemu alivaa gauni refu la rangi ya maji ya kunde. Fundi alilianza siku daktari alipowaambia warudi tu nyumbani, na alimpima mkewe akiwa amelala kitandani, naye mkewe akamwambia apunguze kiuno, asimfanye mnene bure mbele za watu.

Mama Mifuko alipekua kama kawaida. Mto, soksi, mikono ya gauni, kiuno. Alipitisha kiganja kwenye mshono wa ubavuni na hakusikia mshono.

"Baba, hii kazi si mchezo," alisema. "Nimeshika nguo maisha yangu yote. Huu mshono uko wapi?"

"Hakupenda mshono unaoonekana," fundi akajibu.

Hakukuta kitu. Akawapa pole, akawaacha waagane naye faraghani, akasimama nje ya mlango mikono mbele. Aliporudi ili wafunge, jua lilikuwa limezunguka na kumpiga marehemu usoni. Mwalimu akamwomba avute pazia. Akavuta, chumba kikawa cha kijivu, akageuka kuchukua mfuniko.

Gauni lilikuwa linawaka. Si moto. Ilikuwa nuru ndogo, nyeupe, iliyotulia chini ya kitambaa karibu na goti, mahali ambapo hakuna mshona nguo duniani anayeweka mfuko.

Alichokisikia kwanza Mama Mifuko ni hasira, tena hasira iliyompanda mpaka masikioni. Mikono yake imemwangusha. Miaka yote hiyo, mifuko yote hiyo, halafu fundi mmoja mwenye huzuni amemshinda kwa sindano. Upande wa pili wa ukuta alimsikia Nyusi akikohoa na kukokota kiti, anasubiri kazi, hana habari. Hasira ikashuka, hofu ikakaa mahali pake.

"Baba," akasema, "kuna nini hapo?"

Mwalimu naye alikuwa ameona. "Baba, umefanya nini? Si walituambia? Si walituuliza pale mlangoni nikajibu hakuna?"

Fundi alisogea, akaweka kiganja chake juu ya ile nuru, kama mtu anayemfunika mtoto.

"Ni tochi," alimwambia Mama Mifuko. "Ndogo tu, ya kuchaji. Naomba uiache, mama."

"Siwezi."

"Najua huwezi. Ndiyo maana niliishonea ndani."

Akaeleza, na alieleza vibaya, kwa vipande, kama mtu anayetafuta uzi ulioingia chini ya cherehani. Mkewe aliogopa giza. Akiwa mdogo alijificha kwenye stoo wakati wa kucheza, mlango ukafungwa kwa nje, na watu wa nyumbani wakaenda zao wasijue. Tangu hapo hakuwahi kulala taa imezimwa. Wamelala na taa ujana wao wote na uzee wao wote, hata fundi mwenyewe siku hizi giza linamkosesha usingizi. Hospitali walikuwa wakizima taa za wodi, ndipo akamnunulia ile tochi, akawa analala ameikumbatia.

"Siku zile za mwisho akaniuliza," alisema fundi. "Aliniuliza, ndani ya lile sanduku kuna giza? Nikamwambia halitakuwepo. Nilimwahidi, mama. Sikuwahi kumwahidi mambo mengi, mimi si mtu wa maneno. Hilo nilimwahidi."

"Baba," mwalimu akasema, sauti inamkatika, "mama ameshafariki. Haogopi tena."

"Hilo tunalijua sote, mwanangu," Mama Mifuko akamwambia. "Halitusaidii."

Mlango wa ndani ukafunguliwa. Nyusi hana kawaida ya kuja upande wa wafiwa, anasema sura yake inawaongezea msiba, lakini muda ulikuwa umekwenda na alitaka kujua kulikoni. Akaona pazia limefungwa, watu watatu wamesimama kama wamepigwa sindano ya ganzi, na nuru ikichungulia katikati ya vidole vya mzee. Mkono wake ulipanda wenyewe ukashika shavu, lile lililoungua, na nadhani hata hakujua kwamba ameushika uso wake.

Fundi alimtazama. Macho yaliyokaa miaka mingi juu ya kitambaa yalipita polepole kwenye ile ngozi iliyovutwa na kuparama, mahali penye nyusi na mahali pasipo nayo.

"Ilikuwa nini?" akamuuliza.

"Kopo la nywele, mzee."

"Nani aliweka?"

"Binti yake. Alitaka mama yake apendeze." Nyusi akaushusha mkono. "Alikuja kuniona hospitali. Alilia kuliko mimi."

Fundi akatikisa kichwa mara nyingi, kidogokidogo. Kisha akaomba mkasi. Mama Mifuko angeweza kuukata ule mfuko kwa sekunde moja, lakini alimpa mkasi mwenyewe, na mzee akafumua uzi mmoja baada ya mwingine, asiharibu gauni. Tochi ikatoka. Ilikuwa fupi kama kidole gumba, na bado inawaka. Hakuizima. Alisimama nayo, ikamulika kifundo cha mkono wake na shati lake jeupe, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Sasa nimemdanganya."

Hapo ndipo Mama Mifuko alipotakiwa kuwa Mama Mifuko, na hakuwa na kitu. Lebo ya chupa unaibandua, mpira unaukata kipande. Mwanga unaubandua wapi? Tochi bila betri ni bomba tu. Mshumaa ndani ya jeneza ni wazimu. Ulimjia usemi mmoja rahisi, kwamba moto wenyewe ni nuru, kwamba mkewe anaingia kwenye nuru kubwa kuliko zote, na akaona haya kabla haujamfika ulimini. Maneno ya namna hiyo humfaa anayeyasema. Anayeambiwa hurudi nayo nyumbani akayakuta hayana kitu ndani.

"Baba," akasema mwishowe, "nikuambie ilivyo. Mfuniko si lazima tuufungie humu. Tunaweza kumpeleka wazi mpaka kwenye mlango wa tanuri, wewe utembee naye, umulike njia yote. Pale mlangoni ndipo tutafunika, na tochi utabaki nayo. Kuanzia hapo mpaka aingie, kutakuwa na giza. Ni fupi, lakini lipo. Sitakuficha."

Fundi alilifikiria kama mtu anayepima kitambaa kisichotosha.

"Fupi kiasi gani?"

"Kama mtu anavyotoka jikoni kwenda sebuleni," alisema Nyusi.

Hakuna aliyecheka, wala Nyusi hakuwa amekusudia mzaha. Mzee alizungusha tochi vidoleni. Mama Mifuko akamwuliza, si kwa hekima yoyote, aliuliza tu:

"Umeme ukikatika nyumbani, kabla hujapata hiyo tochi, ulikuwa unafanyaje?"

"Nilikuwa nikimsemesha."

"Unamwambia nini?"

"Chochote. Ajue niko wapi. Nilisema tu, huku napapasa ukuta, mpaka nimfikie."

Mama Mifuko alimtazama, na mzee akamtazama. Hakuna aliyelimalizia lile wazo kwa sauti. Nyusi alikwenda akashika mpini wa toroli lililobeba jeneza.

Wakatoka na jeneza wazi, kupitia mlango wa ndani, kwenye ile korido ya saruji ambayo wafiwa hawaioni, yenye bomba la gesi ukutani, ndoo ya kupigia deki na makoti ya kazi yaliyotundikwa. Fundi alitembea ubavuni. Aliishika tochi juu ya uso wa mkewe, si karibu sana, kama mtu anayejua kwamba mwanga ukikaribia mno unaumiza macho. Gurudumu moja lilikuwa likilia. Mama Mifuko alijilaumu kwa kutolipaka mafuta, kisha akajishangaa kufikiria mafuta wakati ule.

Mlangoni wakasimama. Joto lilikuwa tayari linasikika usoni. Mama Mifuko na Nyusi wakanyanyua mfuniko, na fundi akaendelea kumulika mpaka ufa wa mwisho ukazibwa, mwanga ukabaki unacheza juu ya mbao. Mwalimu akanyoosha mkono, akaichukua tochi taratibu kwenye vidole vya baba yake. Mzee akalaza viganja vyote viwili juu ya mfuniko. Akafungua kinywa.

Sauti haikutoka.

Akajaribu tena. Midomo ikacheza, na hakikusikika kitu ila gesi ikinguruma nyuma ya mlango. Alimgeukia Mama Mifuko kwa macho ya mtu aliyeangusha kitu kisimani. Giza lilikuwa mle ndani tayari. Kila mtu pale alilijua, kila mtu alilihesabu, na Mama Mifuko, ambaye kazini huwa halii kwa sababu kulia ni haki ya wenye msiba, alilia waziwazi wala hakujifuta.

Ndipo mwalimu, yule aliyesema mama haogopi tena, alipoinama mpaka shavu lake likagusa mbao.

"Mama," akasema, "baba yupo. Anakuja. Anatafuta viatu tu."

Fundi akavuta pumzi, na sauti ikamjia, ya kukwaruza, ya kila siku.

"Nipo," akasema. "Nipo hapa mlangoni. Usisimame, utajigonga kwenye ile meza. Hapana, kiberiti hakipo mahali pake, nani amekitoa? Si kitu. Kaa hapohapo, nashika ukuta. Unanisikia? Hiki ni kiti. Hiki nacho ni kikapu chako cha nyuzi, nimekikanyaga, usinigombeze. Nakuja."

Nyusi alisukuma. Hakusimamisha toroli, kwa kuwa kusimama kungelirefusha lile giza, ila alilisukuma kwa mwendo wa mzee, na mzee alitembea nalo hatua kwa hatua, viganja juu ya mbao, akisema, mpaka mbao zikampita mikononi.

Mlango wa tanuri ukashuka. Nyusi hakusogea kwenye kidirisha. Fundi alikuwa amesimama pale ukingoni, mikono yake ingali imenyooka mbele, akimwambia mkewe kwamba amefika kwenye pazia, kwamba sasa ni hatua chache tu, asiogope, na hakuna aliyemwambia anyamaze.